Ofisi ya Mwanza na mazingira: uanze na dirisha, jenereta au rimu ya karatasi?

Kuanzia saa tisa alasiri jua huingia ofisini kwetu bila hodi. Tuko ghorofa ya pili katikati ya jiji la Mwanza, na madirisha makubwa ya aluminiamu yanatazama magharibi, upande wa ziwa. Wanaokaa upande huo husogeza viti. Pazia linashushwa, chumba kinaingia giza, taa zinawashwa mchana kweupe, na rimoti ya AC inapita mkono kwa mkono mpaka namba isome 16. Juu ya printa pana tangazo: "Tutunze mazingira, tusichapishe ovyo." Aliyelibandika ana nia njema na namheshimu kwa hilo. Ila mimi ndiye ninayenunua umeme wa ofisi hii, ninayesaini dizeli ya jenereta na ninayemwita fundi wa AC, na kila nikikaa na daftari langu naona jambo lile lile. Tangazo tumelibandika mahali ambapo mzigo ni mdogo, dirisha tukaliacha.

Nataka kuupanga mzigo huo upya kwa ajili ya ofisi ya kawaida ya hapa: watu kumi hadi thelathini, vyumba vya kupanga, AC tatu nne, jenereta ndogo nyuma ya jengo, mhudumu mmoja na mlinzi mmoja.

Mengi tunayosoma kuhusu ofisi inayotunza mazingira yameandikwa kwa ajili ya miji ya baridi. Huko jengo linapashwa joto kwa miezi mingi ya mwaka, na mara nyingi umeme unatoka kwenye makaa ya mawe au gesi. Yanayotangulia kwao hayawezi kuwa yanayotangulia kwetu. Sisi tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, lakini kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Usiku joto hushuka hadi nyuzi 17 au 18, na mchana mara nyingi halipiti sana nyuzi 28 au 29. Hali ya hewa ya namna hii ni neema, na majengo mengi mapya yanaitupa.

Umeme wetu nao umebadilika. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lilianza kuingiza umeme kwenye gridi mwaka 2024, na mitambo yake tisa kwa pamoja ina uwezo wa megawati 2,115. Kwa hiyo uniti ya TANESCO leo inabeba moshi mdogo kuliko zamani, tulipotegemea zaidi gesi na mafuta mazito. Kadiri umeme wa gridi unavyokuwa msafi, ndivyo vitu vingine vinavyopanda juu kwenye hesabu: dizeli ya jenereta, gesi iliyomo ndani ya AC, kompyuta mpya iliyotoka kiwandani ng'ambo. Hilo si ruhusa ya kuuchezea umeme wa maji. Ofisi bado inalipa zaidi ya shilingi 350 kwa uniti moja ukijumlisha kodi na tozo, na uniti usiyoila wewe inamfaa mwenye mashine ya kusaga kule Igoma.

Jua na kioo

AC haitengenezi baridi. Inachota joto lililo chumbani na kulitupa nje, kama mvuvi anayechota maji ndani ya mtumbwi unaovuja. Mvuvi mwenye akili hatafuti ndoo kubwa zaidi kabla hajaangalia tundu liko wapi.

Mtu aliyekaa anatoa joto la wati 100 hivi. Kompyuta ya mezani na skrini yake inatoa kiasi kama hicho. Tundu kubwa ni kioo. Siku isiyo na mawingu, jua la saa kumi alasiri likipiga dirisha la magharibi linaleta wati 600 au zaidi kwa kila mita moja ya mraba, na kioo cheupe cha kawaida kinapitisha sehemu kubwa ya hizo. Dirisha la mita sita za mraba basi linaweza kuingiza karibu kilowati tatu za joto. AC ya BTU 12,000, ile iliyofungwa kwenye vyumba vingi vya ofisi, ina uwezo wa kutoa nje kilowati tatu na nusu. Karibu AC nzima inafanya kazi ya kufukuza jua la dirisha moja, na watu hatujawahesabu.

Hapa Mwanza kuna jambo la saa ambalo wengi hatulifikirii. Saa ya Tanzania inafuata longitudo ya 45 mashariki, mstari unaopita baharini mbali na pwani yetu, wakati Mwanza iko karibu na longitudo ya 33. Tofauti hiyo ni kama dakika 48. Ndiyo maana jua la utosi hapa linafika kukaribia saa saba mchana, wala si saa sita, na jua la magharibi linatukuta mezani hadi saa kumi na moja jioni likiwa bado kali. Mwenzetu wa Dar es Salaam, aliye karibu zaidi na mstari ule, analiona likishuka kama dakika 25 kabla yetu.

Na kwa kuwa tuko karibu sana na ikweta, jua linapita karibu na utosi mwaka mzima. Kuta za kaskazini na kusini hazipati taabu kubwa. Ukingo mfupi wa paa unazitosha. Za mashariki na magharibi ndizo zinazopigwa na jua la chini ambalo ukingo hauwezi kulizuia. Jengo ambalo upande wake mrefu unatazama kaskazini na kusini limemaliza nusu ya kazi kabla hujanunua kitu chochote. Ukitafuta ofisi ya kupanga, kasimame katikati ya chumba saa kumi alasiri. Saa nne asubuhi, ambayo dalali ataipenda, kila chumba Mwanza ni kizuri.

Pazia tulilonalo halitusaidii vile tunavyodhani. Mwanga wa jua ukishavuka kioo na kuligonga pazia, unageuka joto, na joto hilo limeshakuwa ndani. Kioo kinachopitisha mwanga kuingia hakipitishi joto hilo kirahisi kutoka. Kivuli cha nje kinalizuia jua kabla halijagusa kioo, na tofauti yake unaihisi siku ile ile. Waliojenga maduka ya zamani ya katikati ya mji walilijua hili vizuri: baraza pana mbele, kuta nene, matundu ya hewa karibu na dari. Sisi tumebomoa baraza, tumeweka kioo, kisha tumefunga AC ili kulipia kioo.

Halafu upepo. Mchana nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, hewa ya nchi kavu inapanda, na hewa ya ziwani inakuja kuchukua nafasi yake. Jiji letu limekaa upande wa mashariki wa Ghuba ya Mwanza, kwa hiyo upepo huo mtamu wa alasiri unatoka upande ule ule linakotoka jua kali. Ukifunga dirisha la magharibi kabisa, unazuia jua na upepo pamoja. Ukiliacha wazi bila kivuli, unapata vyote viwili. Inayofaa ni luva za nje zilizoinama, au chaga za mbao na mianzi, au hata neti ya kivuli ya wakulima wa mboga iliyofungwa kwenye fremu nusu mita mbele ya kioo. Jua linakatwa, upepo unapita. Weka na wavu wa wadudu, maana wale wadudu wa ziwani wakiamua kuja jioni hutaweza kufanya kazi na dirisha wazi.

Baada ya hapo ndipo mambo ya bei rahisi yanapoanza kufanya kazi. Mhudumu wetu anafika saa moja asubuhi. Sasa kazi yake ya kwanza ni kufungua madirisha yote, pande zote mbili za korido, ili ubaridi wa alfajiri uingie kwenye kuta na sakafu. Zege na matofali yanatunza ubaridi kama yanavyotunza joto. Saa nne, jua likikolea, madirisha ya mashariki yanafungwa. Pangaboi linakula wati 60 au 75, AC ya BTU 12,000 inakula kama wati 1,000, kwa hiyo umeme wa AC moja unazungusha pangaboi kumi na tatu au zaidi. Pangaboi haliteremshi joto la chumba hata nyuzi moja, ila upepo wake unakausha jasho na mwili unaona kama pamepungua nyuzi tatu hivi. Kwa hiyo vitumike pamoja, AC kwenye 25 na pangaboi juu. Na likizimwa chumba kikiwa kitupu, hakuna kinachopotea, kwa sababu linapoza watu tu.

Kuhusu ile namba 16. Kwa AC ya kawaida isiyo ya inveta, yaani isiyoweza kubadili mwendo wa kompresa (pampu inayosukuma gesi), kuweka 16 hakupozi chumba haraka kuliko 24. Kompresa ina mwendo mmoja. Namba inaiambia isimame lini. Ukiweka 16 kwenye chumba chenye jua la magharibi, haitasimama kabisa. Kila nyuzi moja unayoiteremsha inaongeza matumizi kwa asilimia kadhaa, na anayelipa kwa afya ni yule dada aliyekaa chini ya AC, anayekuja kazini na sweta mwezi Septemba.

Ofisi zilizo chini ya bati moja kwa moja zina tundu jingine juu ya vichwa. Rangi nyeupe juu ya bati na dari nzuri yenye nafasi ya hewa kupita zinapunguza joto kuliko AC ya pili. Sisi tuna ghorofa juu yetu, kwa hiyo hili silisemi kwa uzoefu wa ofisi hii bali kwa nyumba niliyokulia.

Gesi ambayo haionekani

"Dada, gesi imepungua, nijaze?" Hivyo ndivyo fundi alivyokuwa akiniuliza kila mwaka, nami nikawa nasaini. Sikujua kwamba gesi ya AC haiishi kwa kutumika, tofauti na dizeli. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua maana yake kuna mahali inavuja. Kujaza bila kuziba ni kununua gesi ili kuiachia hewani.

Uzito wake unashangaza. Gesi ya R-410A, iliyomo kwenye AC nyingi zilizofungwa miaka ya karibuni, ina nguvu ya kuongeza joto duniani karibu mara 2,090 ya kabonidayoksaidi, kilo kwa kilo. AC ya BTU 12,000 ina kama kilo moja ya gesi hiyo. Ikivuja yote, ni sawa na tani mbili za kabonidayoksaidi. Lita moja ya dizeli ikiungua inatoa kama kilo 2.7. Kwa hiyo AC moja iliyovuja kimya kimya ni sawa na kuchoma lita 700 na zaidi za dizeli. R-22 ya AC za zamani inakaribia mara 1,810, na juu ya hapo inaharibu tabaka la ozoni. Ndiyo inayoondolewa chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987. R-32 ya mashine mpya ni mara 675 hivi, na gesi inayohitajika ndani yake ni ndogo. Nchi zilikubaliana Kigali mwaka 2016 kupunguza gesi hizi mpya pia, lakini makubaliano hayazibi bomba la ofisi yako.

Kwa hiyo sasa swali langu kwa fundi limekuwa: imevujia wapi? Atumie povu la sabuni kwenye maungio, azibe, avute hewa kwa pampu, ndipo ajaze kwa mizani. AC ikihamishwa, gesi irudishwe kwanza kwenye kitengo cha nje. Isifunguliwe ikapuliza hewani kama nilivyoona ikifanywa mara nyingi. Fundi anayefanya hivi anachukua muda mrefu na anastahili malipo zaidi. Lililokuwa likinikwaza mimi lilikuwa kumwita fundi wa bei ya chini kuliko wote, kisha kulalamika mwaka unaofuata.

Jenereta

Jenereta ndogo inakula kama lita 0.4 za dizeli kwa uniti moja, na ikibeba mzigo mdogo kuliko uwezo wake inakula zaidi ya hapo kwa kila uniti. Hata lita ingekuwa shilingi 2,500 tu, uniti ya jenereta ni shilingi 1,000 kabla ya oili, chujio na fundi, karibu mara tatu ya uniti ya LUKU, umeme wa TANESCO wa kulipia kabla. Weka bei halisi ya EWURA, mamlaka inayosimamia bei za mafuta, ile inayotangazwa Jumatano ya kwanza ya mwezi, na utaona inapanda. Moshi wake nao hauendi Rufiji. Unaingia kwenye dirisha la jirani na kwenye kifua cha mlinzi anayekaa pembeni yake.

Makosa ya ofisi nyingi ni kuliwasha jengo zima kila umeme unapokatika. Tulikaa siku moja tukaandika vitu ambavyo kazi inasimama visipokuwepo: ruta, kompyuta, taa chache, printa moja. Jumla haikufika kilowati mbili. Mzigo kama huo, kwa saa mbili tatu, unabebwa na betri za lithiamu na inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, bila kelele, na paneli za sola juu ya paa zikiwepo, betri zinajaa zenyewe. Kwa jua la Mwanza, paneli za kilowati tano zinaweza kutoa uniti 20 hivi kwa siku nzuri. Tatizo ni kwamba paa si letu, na nitalirudia hilo.

Kompyuta iliyo stoo na ile mpya

Kompyuta mpakato ikitumika saa nane kwa siku, siku 250 kwa mwaka, kwa wati 30, inakula uniti 60 kwa mwaka mzima. Ni kidogo mno. Lakini kuitengeneza, kuanzia madini hadi kiwandani hadi melini, kunatoa kati ya kilo 200 na 300 za kabonidayoksaidi. Sehemu kubwa ya madhara yake imeshatokea kabla hujaifungua boksi. Kwa hiyo uamuzi wenye uzito ni lini unanunua nyingine. Kompyuta inayokaa miaka saba badala ya mitatu ni zaidi ya nusu ya mzigo umeondoka, na mara nyingi kinachohitajika ni kubadili diski iwe SSD, kuongeza RAM na kupuliza vumbi. Fundi wa mtaani anaifanya kwa siku moja.

Zile zilizokufa kabisa zinalala stoo. Kila ofisi ninayoingia ina chumba hicho: monita za mgongo, UPS zilizovimba betri, printa tatu. Kwenye taasisi za umma zinasubiri kamati ya kuondoa mali chakavu. Kwenye ofisi binafsi zinasubiri mtu aamue. Hofu yangu ni pale mnunuzi wa vyuma chakavu anapozibeba zote kwa bei ya jumla. Nyaya zinachomwa ili shaba ipatikane. Betri ya UPS ni risasi na asidi, na risasi ikiingia kwenye udongo wanamochezea watoto inaharibu akili zao bila dalili ya haraka. Mpe anayeonyesha kibali cha taka za kielektroniki cha NEMC, baraza la taifa la mazingira, na akuandikie alichochukua.

Taa za tyubu ziko kwenye kundi hili pia, kwa kuwa ndani yake mna zebaki. Watu wa Kanda ya Ziwa hawahitaji kuelezwa zebaki ni nini. Tumeiona kwa wachenjuaji wa dhahabu wa Geita. Nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, unaohusu zebaki, zilikubaliana mwaka 2023 kukomesha kutengeneza tyubu hizo, kuziagiza kutoka nje na kuziuza nje ya nchi ifikapo mwisho wa 2027. Ukibadili kuwa LED, wati 36 zinakuwa 18 kwa mwanga ule ule. Zile za zamani zisivunjwe wala zisitupwe kwenye pipa la kawaida.

Maji yanatoka ziwani na yanarudi ziwani

Hapa ndipo ofisi ya Mwanza inapotofautiana na ofisi ya Dodoma au Arusha. Maji ya bombani kwetu MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, inayavuta ziwani, inayasafisha na kuyasukuma juu ya vilima vya mawe kwa pampu za umeme. Yanayotoka kwetu, kwa mtaro, kwa mfereji wa maji machafu au kwa gari la kunyonya, yanaelekea tena bondeni, na mwisho wa bonde ni ziwa. Mto Mirongo unakatiza katikati ya jiji na kumwaga humo. Kilomita za mraba zaidi ya 68,000 zinaonekana kama haziwezi kuchafuliwa na ofisi moja, lakini wastani wa kina cha Ziwa Victoria ni mita 40 tu. Ni ziwa pana kama sahani, na mto unaotoka humo ni mmoja tu, Nile, kule Jinja. Kinachoingia kinakaa.

Kwa sababu hiyo nimeacha kuona oili ya jenereta kama jambo dogo. Fundi akishabadilisha, oili chafu inaondoka kwenye galoni lake, na tunaandika imeenda kwa nani. Zamani iliishia mtaroni, nyuma ya jengo letu wenyewe, mvua ya kwanza ya vuli ikaibeba. Sabuni za kufulia na kudekia zenye fosfeti nazo zinalisha magugu maji, yale yaliyoonekana ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980 na ambayo hadi leo yanafunga ghuba na kuwazuia wavuvi kutoka. Mhudumu wetu alikuwa akimwaga sabuni kwa kukadiria. Sasa ana kikombe cha kupimia, na pakiti moja inakwenda karibu mara mbili ya zamani.

Choo ndicho mlaji mkubwa wa maji ofisini. Tangi la zamani linamwaga lita tisa au zaidi kila mara, jipya lenye vitufe viwili linamwaga tatu au sita. Lakini kabla ya kununua, angalia uvujaji: tia rangi ya chakula kwenye tangi, usiguse kwa nusu saa, kisha tazama bakuli. Rangi ikionekana, maji yanapita kimya usiku na mchana, na ni mamia ya lita kwa siku. Mpira wa kuziba unauzwa bei ya soda chache. Soma mita Ijumaa jioni na Jumatatu asubuhi, ya maji na ya umeme pia. Kinachoondoka wakati hakuna mtu ndicho unachoweza kukikata bila kumnyima mtu chochote. Kwetu ilikuwa dispensa ya maji, iliyokuwa ikichemsha na kupoza wikendi nzima bila mnywaji.

Mvua nayo. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Mwanza tunapata kama milimita 1,000 kwa mwaka, kwa hiyo paa la mita 200 za mraba linapitisha kama lita 200,000. Hata ukipoteza sehemu ya tano, maji hayo ni mengi mno kwa choo na kudeki, na tenki moja la lita 5,000 lingejaa mara nyingi tangu Oktoba hadi Mei.

Na chakula cha mchana. Saa saba mama lishe anatuletea ugali na sato, au wali dagaa. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti wa samaki walionunuliwa sokoni hapa hapa Mwanza: kati ya sangara na sato waliochunguzwa, mmoja kati ya watano alikuwa na vipande vya plastiki tumboni. Nilipousoma niliutazama mfuko wangu wa vijiko vya plastiki kwenye droo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019 na mitaro ikapumua kweli, lakini vifungashio vya chakula na chupa za maji bado ni vyetu kila siku. Tulichofanya hakikuhitaji bajeti. Kila mtu ana sahani na kijiko chake ofisini, mama lishe analeta chakula kwenye hotipoti na kupakua mwenyewe. Anaokoa pesa ya maboksi, na ametuongezea mchuzi. Chupa tupu na karatasi safi tunazitenga kwenye kiroba, na kijana anayeokota anapita kila Ijumaa. Akizikuta zimechanganyika na mabaki ya dagaa hazimfai, zinaishia dampo la Buhongwa.

Karatasi na safari, kwa ufupi

Rimu ya A4 ina kilo mbili na nusu za karatasi, na kuitengeneza kunatoa kilo tatu hivi za kabonidayoksaidi. Mtu mmoja akienda Dar es Salaam kwa ndege na kurudi, kilo 200 na zaidi. Ni rimu zaidi ya 60. Weka printa ichape pande mbili yenyewe bila kuulizwa, kisha uelekeze nguvu kwenye barua za mwaliko wa semina: nani lazima aende, na nani anaweza kuhudhuria kwa video. Safari za ndani ya mji, benki, TRA, posta, ziunganishwe ziwe moja kabla ya saa nne. Wenzetu wanaotoka Buhongwa, Nyegezi na Kisesa kwa daladala iliyojaa wameshafanya sehemu yao; wasiongezewe hotuba.

Nani analipa, nani anafaidi

Fundo gumu liko hapa. Kivuli cha nje, rangi ya bati, sola, tenki la mvua, vyote vinahusu jengo, na jengo ni la mtu mwingine. Mwenye jengo hawezi kuona faida, kwa sababu LUKU analipa mpangaji. Mpangaji hawezi kuwekeza, kwa sababu mkataba ni wa mwaka mmoja mmoja na kodi inaweza kupanda. Kila mmoja ana haki, na dirisha linabaki vile vile. Mahali ambapo wapangaji wanne wanatumia mita moja ya LUKU na kuchangia sawasawa ni pagumu zaidi, kwa kuwa anayezima anawalipia wasiozima. Mita ndogo za ndani, moja kwa kila mpangaji, zinamaliza ugomvi huo ndani ya mwezi.

Njia niliyoiona ikifunguka ni kuzungumza wakati wa kuhuisha mkataba, kipindi pekee ambacho pande zote mbili zina kitu cha kutoa. Nilimpelekea mzee mwenye jengo letu hesabu ya ukurasa mmoja: uniti tunazotumia alasiri, gharama ya chaga za mbao kwa madirisha manne, na ombi kwamba sisi tulipe, yeye aturuhusu kufunga kwenye ukuta wake, na mkataba uwe wa miaka mitatu bila kodi kupanda mwaka wa kwanza.

Alisoma polepole. "Binti yangu, na mkiondoka, hizi mbao mnabeba?"

"Hapana, mzee. Zinabaki na jengo."

"Na mvua ikizioza?"

Nikamwambia tutazipaka mafuta kila mwaka, na hilo tumeliandika. Akanyamaza kidogo, kisha akasema angetaka kwanza kuona dirisha moja. Jumanne fundi seremala alikuja na futi yake saa kumi jioni, akasimama mbele ya dirisha la mhasibu, akaweka kiganja juu ya macho na kuuliza kama jua huwa hivi kila siku. Amechukua vipimo vya moja, la mwisho upande wa kushoto, linalopigwa kuliko yote.